Moshi Ndani ya Filimbi

Sura ya Tisa

Kama umewahi kumkosea mtu mbele za watu, unajua kwamba njia ya kwenda kwake kuomba radhi haiishi. Edith alitoka kwao umande haujakauka. Nyumbani kwa kina Evaristi si mbali, ni kushuka bonde na kupanda kidogo tu, lakini jua lilipoanza kuchoma alikuwa bado katikati ya migomba ya watu, ameinama, anajifanya kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya kuchomeka, havina kamba.

"Rudi," moyo ulimwambia. "Rudi useme hukuwakuta."

Arudi wapi? Tangu Jumapili hakuwa na pa kuuweka uso wake. Akienda kisimani, wanawake wananyamaza. Akikaa kwenye cherehani yake pale sokoni Igurwa, wateja wanatoa nguo mfukoni polepole ili wapate nafasi ya kumtazama. Na wapo waliompongeza. "Umewapasha, binti Yusto. Watu wale wamezidi." Hao ndio waliomchoma zaidi, maana mtu akikupongeza kwa jambo la kuona haya, unaliona lilivyo, lote, bila nguo.

Sasa alifanya nini? Tuanze na filimbi.

Filimbi ile ndefu, nyeupe, ya kupulizwa kwa ubavu, ililetwa usharikani na wageni wa Kijerumani zamani, na Edith aliipiga kwenye kwaya tangu alipopata kipaimara. Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kichwa chake, yaani kile kipande cha juu chenye tundu la kupulizia, kiliwahi kuanguka sakafuni kikabonyea. Sauti za juu zilitoka vizuri, lakini za chini zilikuwa upepo mtupu. Watu walizoea. Edith mwenyewe alizoea, mpaka siku Evaristi Niyitegeka, fundi seremala, alipokuja kutengeneza mabenchi ya kanisa akamsikia anafanya mazoezi.

"Hiyo filimbi yako ina mafua," alisema.

"Ni mbovu tangu zamani. Kichwa kipya mpaka Ulaya."

"Kwani hao wa Ulaya wanachonga kwa meno? Nipe nikitazame."

Alichukua shina la mbuni mzee, mti wa kahawa, uliong'olewa ukakaa darini miaka hata moshi wa jiko ukaukausha. Mti wa mbuni ni mgumu, unakula vyuma. Kichwa cha kwanza kilikuwa kinene, kikaenda kuni. Cha pili hakikuingia kwenye mwili wa filimbi. Cha tatu ndicho kilichowafunga wawili hao kwenye karakana siku nyingi, yeye na kisu chake kidogo, Edith na pumzi yake.

"Pulizia."

"Inakoroma."

Anakwaruza ukingo wa tundu, kidogo sana, anapuliza vumbi, anampa.

"Pulizia tena. Usikaze mdomo."

"Mbona unanitazama mdomo?"

"Si ndipo kazi ilipo."

Alisema hivyo bila kucheka, na Edith ndiye aliyecheka, akashindwa kupuliza, ikabidi waanze upya. Siku sauti ya chini kabisa ilipotoka, nzito, imeshiba, Edith aliishikilia mpaka pumzi ikamwishia. Evaristi alifuta kisu kwenye suruali. Hakusema nakupenda. Alisema, "Nitamtuma mshenga."

Hapo ndipo lilipo tatizo. Baba yake Edith, Mzee Yusto, alikataa kwanza. "Wale ni watu wa kuja," alisema mezani, kama alivyokuwa akisema mezani siku zote. "Babu yake alivuka mto na mkeka kwapani. Leo wanataka binti yangu?" Shangazi Mackrine alimbembeleza, akamkumbusha kijana ni fundi, hanywi, anasali. Yusto akakubali shingo upande: mshenga aje Jumamosi, watazungumza.

Kabla ya Jumamosi ikaja Jumapili, Sikukuu ya Mavuno, na Edith alipangiwa kupiga wimbo peke yake. Kichwa kilikuwa kwa Evaristi kimepakwa mafuta kinapumzika. Asubuhi alimletea kimefungwa kwenye kitambaa safi. Edith alipokichomeka alisikia harufu ya moshi, akashangaa, lakini kengele ilikwisha kulia. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri hata wazee wakainua shingo. Ubeti wa pili, pumzi ilipopasha mti moto, kitu kilifunguka chini ya mdomo wake. Filimbi ikalia vibaya, ikakauka. Watoto wakacheka. Mwalimu wa kwaya akawaashiria wengine waimbe, na Edith akabaki amesimama mbele ya watu na bomba la chuma mkononi.

Alipokichomoa aliona ufa umetoka kwenye tundu ukashuka. Vidole vyake vilikuwa na samli nyeusi.

Baada ya ibada watu walijaa uwanjani kwenye mnada wa mavuno, mikungu ya ndizi huku, kuku kule. Evaristi alikuwa amesimama na mama yake, Anonciata, ambaye aliacha misa ya parokiani kwake ili aje kumsikia Edith. Alikuwa amevaa kitenge kipya.

"Nani amekishika hiki?" Edith aliuliza. Shikamoo hakutoa.

Evaristi alimtazama mama yake. "Mama alikifukiza kidogo jana. Mimi sikuwepo."

"Alikifukiza?"

"Mwanangu," Anonciata alianza, "mimi nilitaka..."

"Mimi si mwanao. Mmekuja kwetu na mambo yenu ya moshi, mmenyamaziwa, sasa mnayaleta mpaka kanisani. Kama hukunitaka ungesema tu. Si kunifanyia hivi."

Mwuza kuku alinyamaza. Kila mtu pale alielewa ni mambo gani ya moshi anayoyasema, na ni neno gani amelizunguka bila kulitaja. Ndipo Evaristi akamshika mama yake mkono akamwambia, "Mama, nenda nyumbani. Umeharibu vya kutosha." Yule mama akaondoka peke yake.

Edith alilala na hasira mpaka Jumatatu, alipomsimulia shangazi Mackrine, ambaye Jumapili hiyo alikuwa kwa mgonjwa.

"Moshi ulinukaje?" shangazi aliuliza.

"Mtamutamu. Kama majani. Na samli ndani."

Mackrine aliweka chini kikombe chake. "Edith, kwa hilo umemfanya yule mama mchawi?"

"Amenipasulia filimbi, shangazi."

"Sikiliza. Chombo cha maziwa cha mti, ile inkongoro, hakitoki kwa watu kwenda kwa mkwe kikiwa kibichi. Mama mwenye nyumba anakipaka samli, anakifukiza kwa majani yake, kwa mkono wake, hamwagizi mtu. Hata sisi kwetu zamani. Ndiyo kusema huyu anayepokea ni wangu. Ameona mti umechongwa na mwanawe, una uwazi ndani, unakwenda kwa msichana. Angejuaje filimbi haitaki moto? Alikuwa anakupokea, mtoto wewe."

Edith alifumba macho. Aliona uso wa yule mama na kile kitenge, akatamani kujificha hata chini ya meza ya cherehani.

Ndiyo sababu ya kufunga kamba zisizokuwepo.

Hatimaye alifika. Anonciata alikuwa ameketi mlango wa jiko anamenya ndizi. Ng'ombe wao mmoja alikuwa bandani anacheua. Edith alipiga hodi kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia, akarudia.

"Karibu."

Alipiga magoti pale pale kwenye maganda. "Shikamoo, mama."

Kisu kilimaliza ndizi iliyokuwamo mkononi. Edith alijua kwamba asipoitikiwa atainuka aondoke, na hataolewa na Evaristi, na itakuwa haki yake.

"Marahaba," Anonciata alisema. "Filimbi imepona?"

Edith alikuwa amejiandaa kwa mengi. Kusemwa, kufukuzwa, kumwagiwa maji. Kwa hili hakuwa amejiandaa, na machozi yakamtoka bila kuaga.

"Mama, usiniulize filimbi."

"Niulize nini basi? Mkono huu umefukiza vyombo tangu nikiwa msichana, haujapasua hata kimoja. Nilikiona chembamba, nikapunguza moto. Kumbe sikupunguza vya kutosha. Tangu Jumapili nautazama huu mkono nauona wa ovyo."

"Usiniombe radhi wewe. Mimi ndiye niliyekuja kuomba."

"Nami ninayo yangu. Tupange foleni?" Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Lililoniuma si ufa. Na lile la moshi nalo nimelimeza, watu hawajui, wanaogopa. Uliniambia tulikuja kwenu. Edith, mimi nimezaliwa hapa. Aliyenikata kitovu ni bibi yako, mama yake Yusto. Mama yangu alimwita kwa ujirani, usiku, akaja na mvua. Nilipokuwa narudi nyumbani siku ile nilijiuliza, sasa nikifukuzwa hapa, nirudi wapi? Sina pengine ninapopajua."

"Nisamehe, mama. Nilisema neno ambalo hata maana yake sikuifikiri. Nimeona aibu mpaka chakula hakipiti. Ukitaka nitasimama kanisani niseme."

"Mimi kanisani kwenu nitafanya nini tena?" Alimwinua kwa kiwiko, akampangusa maganda magotini. "Nimekusamehe. Niliposikia hodi yako nilikuwa nimeshasamehe, nilikuwa nakungoja tu uingie."

Afadhali angemchapa. Kusamehewa upesi hivyo kulimrudishia Edith aibu yake nzima nzima.

Evaristi alitokea upande wa karakana, vumbi la mbao kichwani. Hakuwa amenyoa. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane yeye ndiye aliyeinamisha macho.

"Amekusamehe?" aliuliza.

"Amenisamehe."

"Yeye ni mama. Mimi bado."

"Una haki, Evaristi."

"Sikusemi wewe." Aliketi kwenye gogo. "Wewe ulikasirika, ukasema, umekuja umepiga magoti. Mimi je? Nilisimama katikati yenu. Ningesema, Edith, nyamaza, huyu ni mama yangu, nani angenikata ulimi? Badala yake nikamwambia yeye ndiye ameharibu. Unajua kwa nini? Baba yako alikuwa anatazama. Nilitaka aone mimi ni wa upande wenu."

"Yamekwisha, Evaristi," mama yake alisema.

"Hayajaisha. Nimemwambia mshenga asije Jumamosi."

Edith alimgeukia. "Unaniacha?"

"Sikuachi."

"Mshenga haji, na huniachi. Ndiyo nini?"

"Sijui ndiyo nini. Nakupenda, Edith. Sijawahi kukwambia, nakwambia siku mbaya. Lakini kila nikikutazama namwona mama anaondoka pale uwanjani peke yake, na mimi nimesimama. Nitakuoaje na picha hiyo? Nitaketi mbele ya mzee wako niseme mimi ni mwanaume wa kutunza mke, wakati mama mmoja amenishinda?"

Edith alimtazama mikono, ile mikono iliyomkwaruzia tundu la filimbi kidogo kidogo kwa subira yote ile, sasa imelala mapajani haina kazi. Alitaka kuishika, akaona hana ruhusa. "Basi mimi niende," alisema. "Mama, kwaheri."

Anonciata alinawa mikono, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kile kile cha Jumapili. "Ngoja nikusindikize."

"Mama, unakwenda wapi?" Evaristi aliuliza.

"Kumsindikiza mgeni. Wewe si umeketi?"

Akamshika Edith mkono, kiganja kwa kiganja, wakatoka. Hawakupita njia ya migombani aliyojia Edith. Anonciata alichagua barabara kubwa, ile inayopita sokoni katikati, ambako Jumatano hiyo watu walikuwa tele. Edith alijaribu kuulegeza mkono, ukabanwa zaidi. Wanawake wa mbogamboga waliacha kufunga mafungu yao. Anonciata aliwasalimu mmoja mmoja kwa Kinyambo, lugha ya pale, akawauliza habari za watoto, akaitikia za kwake, na muda wote huo hakumwachia. Wale waliompongeza Edith walikuwapo, wakashindwa kujua watazame wapi. Edith alitembea kichwa chini, mashavu yanawaka, akielewa kwamba yule mama anamvua aibu kwa kumtembeza nayo hadharani, palepale alipoivalia.

Walipofika kona ya shule Edith alisema, "Mama, umefika mbali. Rudi."

"Bado."

Huko nyuma, kwa mbali, Evaristi alikuwa anawafuata anakokota baiskeli. Edith alimwona walipokata kona, hakugeuka tena.

Mzee Yusto alikuwa barazani anachambua kahawa kwenye ungo. Alimwona binti yake, akamwona aliyemshika mkono, akasimama nusu. Miaka mingi Anonciata alikuwa akija kulima kibarua kwenye kibanja hiki, na vibarua hupita ubavuni mwa nyumba, hula nyuma. Mzee hakuwa na nia mbaya, mdomo ulizoea tu.

"Mama Evaristi, habari za siku. Zunguka huku nyuma, Mackrine yupo jikoni."

"Leo sikuja kupalilia, Yusto," Anonciata alisema.

Hakupandisha sauti. Lakini Mackrine alitoka jikoni akasimama pembeni ya nyumba, na ungo mkononi mwa mzee ukaanza kumwaga kahawa chini.

"Nimemleta mwanao. Alinikosea mbele za watu, amekuja kwangu amepiga magoti, yamekwisha. Nimeona nikwambie mwenyewe, usije kusikia nusu. Ila lile neno la kuja si lake. Huyu ni mtoto wa juzi, atajuaje nani alivuka mto lini? Kalisikia mahali, na kanisani hawalihubiri."

Mzee Yusto alimtazama Edith, na Edith, ambaye siku zote hizo aliona aibu kwa ajili ya nafsi yake, sasa aliiona ileile ikipanda kwenye uso wa baba yake, shingoni, mpaka masikioni. Ilimwuma kuliko yake. Alitamani kumkimbilia amfiche.

"Mimi na wewe tumecheza uwanja huu," Anonciata aliendelea taratibu. "Mama yako alitupa kiazi kimoja tukagawana. Kijana wangu anasema hamtumi mshenga, ameona haya. Vijana wakiona haya wanaharibu mambo. Basi nimekuja mimi. Nina neno na wewe, la watu wazima. Nilisemee hapa nje?"

Yusto aliweka ungo chini. Alisogeza kiti chake mwenyewe kikapisha mlango wa mbele, akaona haitoshi, akakiinua akakiingiza sebuleni. Aliporudi alisimama pembeni ya kizingiti.

"Ingia, Anonciata," alisema. "Ingia, ndugu yangu. Pita hapa."

Ndipo Anonciata alipouachia mkono wa Edith, akavua kandambili, akaingia. Mackrine alimfuata upesi, na mzee akaingia mwisho, ameinama.

Edith alibaki barazani. Evaristi alikuwa nje ya ua, ameshika baiskeli kwa mikono miwili, anautazama ule mlango ambao hajawahi kumwona mama yake akiupita. Alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta.

Edith alimwendea. Yale yote aliyotaka kumwambia njiani yalimpotea, likabaki moja.

"Evaristi. Mama yako yuko ndani kwetu peke yake," alisema, akaipokea baiskeli. "Safari hii usimwache."